Jasho la Umeme

Ikiwa uliwahi kusukuma gari pale Ruiru mwaka wa hamsini na sita, na hadi leo hujui ulikuwa ukiadhibiwa kwa kosa gani, kosa lilikuwa la Dismas. Yeye mwenyewe hakatai. Huisimulia habari hii kila apatapo watu wa kuisikiliza, na huanza kucheka kabla hajafika mahali pa kuchekesha, jambo linalowaudhi wanaoijua. Lakini wiki ile yenyewe hakucheka hata mara moja, kwa sababu mke wake alikuwa anafunga sanduku.

Dismas alikuwa fundi wa umeme wa magari kwenye shamba moja la kahawa upande wa Gatongora. Au tuseme hivyo ndivyo alivyojiita. Katika daftari la shamba aliandikwa msaidizi wa karakana, maneno ambayo yeye aliyahesabu kuwa makosa ya karani. Alikuwa amefika darasa la sita kule kwao Kimilili, alikuwa na spana tatu zake mwenyewe, na zaidi ya yote alikuwa amesoma umeme kwa posta kutoka Ulaya. Masomo yalikuwa kumi na mawili, kila mwezi bahasha moja, na kila bahasha alitembea nayo mkononi siku mbili kabla ya kuifungua, asije akabaki mtu shambani ambaye hajaiona.

Masomo kumi na moja aliyasoma mpaka karatasi zikalegea. La kwanza hakulisoma. Kichwa chake kilihusu usafi, na chini ya kichwa palikuwa na picha ya mkono wa mzungu ulioshika birika. Dismas alipotupia jicho akaona hapa anadharauliwa. Hakuwa ameandika barua hadi ng'ambo ili afundishwe kunawa. Akaliweka kando, akaanza na Somo la Pili, na tangu hapo elimu yake ikawa nzuri sana, ila tu haikuwa na mwanzo.

Basi siku aliyofungua boneti ya lori la shamba akakuta juu ya betri pameota unga mweupe wenye ukijani, hakujua ni kitu gani. Dereva wa lori, mzee Ndung'u, alimwuliza kwa heshima kama aupanguse. Mtu mwingine angesema hajui. Dismas alikohoa kidogo, akaeleza kwamba hilo ni jasho la umeme. Betri inayofanya kazi kwa bidii hutoa jasho, jasho likikauka linakuwa unga, na ukiona betri haina unga ujue ni mvivu. Alikuwa analisema jambo hilo kwa mara ya kwanza maishani, na kabla hajamaliza kulisema alikuwa amekwisha kuliamini. Akachukua kitambaa safi, akaufunika ule unga vizuri na kukifunga kwa kamba, upepo usije ukaupeperusha.

Laiti ingeishia hapo. Lakini mzee Ndung'u alikuwa akipeleka kahawa kwenye kinu cha Thika, na malori pale hupanga foleni kutwa nzima, na dereva aliye kwenye foleni hana kazi ila kuongea. Neno la jasho likatembea. Baada ya miezi michache madereva kuanzia Makongeni mpaka Ruiru walikuwa wamezifunga betri zao vitambaa kama watoto wenye mafua, na kila mahali ulisikia watu wakihesabu moja, mbili, tatu, na gari likisukumwa.

Lori la shamba lenyewe lilikuwa la kwanza kugoma. Zamani lilikuwa na handeli ya kuzungusha kwa mkono, lakini handeli hiyo ilirudi nyuma ghafla siku moja ikamvunja mzee Ndung'u kifundo cha mkono, na mkono ulipopona kazi ya kwanza aliyoupa ni kuitupa handeli mtoni. Ikabaki kusukuma. Waliosukuma ni wanawake kumi na wawili wa kuchuma kahawa, na mkubwa wao aliitwa Waithira, mama wa makamo mwenye mikono mirefu na maneno mafupi. Lori likichelewa kuwaka, kazi yao ilichelewa kuisha, na katika siku zile za hali ya hatari mwanamke aliyerudi kijijini baada ya saa ya kafyu alikuwa na mengi ya kumweleza askari. Kila asubuhi Waithira alipomaliza kusukuma alijipangusa uso kwa leso, akamtazama Dismas, asiseme kitu. Dismas anakiri kwamba angependa zaidi kutukanwa.

Sasa, habari ya nyumba. Dismas alikuwa amepewa chumba kimoja katika laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, upande wa wanaume wasio na wake, akikaa na Nicanor, dereva wa trekta kutoka Nyakach. Baada ya mavuno ya mwaka uliotangulia, Nafuna, mke wa Dismas, alikuja kutoka Kimilili na mtoto wao Nelima mgongoni, kumtembelea mumewe kwa wiki moja. Nicanor ni mtu wa adabu. Alichukua blanketi lake akaenda kulala kwenye banda la trekta kwa hiyo wiki moja. Wiki hiyo sasa ilikuwa na miezi saba, na Nicanor alikuwa ananuka dizeli hata kanisani.

Nafuna hakuondoka kwa sababu hakuna aliyetaka aondoke. Katika miaka minne ya ndoa, Dismas alikuwa ameishi na mkewe miezi ambayo ungeihesabu kwa vidole vya mkono. Nelima alipomwona baba yake kwa mara ya kwanza alilia akajificha. Sasa alikuwa anamfuata mpaka mlangoni kila asubuhi akitaka kubeba spana, na Dismas, ambaye hakuwa mtu wa kusema mambo kama hayo, alikuwa anampenda mtoto huyo mpaka anaona aibu. Na chumba kilikuwa kimebadilika. Nafuna alipigilia rafu ukutani, akaomba karatasi za kuipamba kama wanavyofanya akina mama, akazikata kingo kwa mkasi zikawa na maua maua, akazining'iniza zikaning'inia vizuri chini ya sufuria. Dismas alimpa karatasi ambazo hakuwa na haja nazo.

Jumatatu moja meneja wa shamba, mzungu mfupi aliyesema maneno machache ili asilazimike kuyarudia, alimwita Dismas ofisini. Alijua kuna mwanamke na mtoto katika laini ya wanaume, na alikuwa ametazama pembeni vya kutosha. Zipo nyumba mpya za vyumba viwili kwa mafundi wa daraja la pili na familia zao. Dismas angepata moja, na daraja lenyewe, kama Jumamosi asubuhi lori lingewaka kwa swichi bila kuguswa na mkono wa mtu. Lisipowaka, angekuja fundi mwingine kutoka Thika, Mkamba mmoja aitwaye Mbaluka, aingie nyumba hiyo na mke wake, na Nafuna apande treni ya Jumamosi hiyo hiyo arudi kwao.

Dismas alikwenda nyumbani akamwambia mkewe asiwe na wasiwasi, kwamba jambo hili liko mikononi mwa mtu aliyesoma. Nafuna alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akashusha sanduku kutoka juu ya kitanda, akalipangusa vumbi, akaanza kukunja nguo za mtoto. Hakufanya hivyo kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Dismas alitoka nje akasimama nyuma ya choo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumanne alifungua dainamo, kulingana na Somo la Tano. Aliisafisha, akabadilisha vipande vyake vya kaboni, akaipongeza kwa sauti, akairudisha. Lori likasema tik. Alasiri akafungua starta, kulingana na Somo la Saba, na vipande vyake vikamjaa mezani mpaka Nicanor akamwuliza kama anataka kuvipanda shambani. Alipoirudisha zilibaki skrubu mbili ambazo starta ilionekana kuzimudu bila shida. Lori likasema tik.

Jumatano alifanya jambo la maana, na kila anapolisimulia hujipiga kofi pajani. Aliipeleka betri karakana ikachajiwa kutwa nzima mpaka ikajaa. Alipoirudisha akafunga vibano vya waya palepale vilipokuwa, juu ya unga ule ule, kisha akachukua taa ndogo ya majaribio. Aliigusisha juu kabisa ya vile vichwa viwili vya betri, vya madini ya risasi, taa ikawaka kwa nguvu. Akaigusisha kwenye waya zinazotoka kwenye vichwa hivyo, taa ikawaka kinyonge. Ugonjwa ulikuwa umebanwa katikati ya hapo na hapo, mahali pasipozidi upana wa vidole viwili, chini ya kitambaa alichokifunga yeye mwenyewe. Dismas alitafakari sana, akaamua kwamba waya ni mbovu.

Alhamisi akabadilisha waya zote za lori. Zote, mpaka ya honi. Alilala chini ya lori tangu asubuhi, mafuta yakimdondokea kwenye sikio, na alipotoka jioni lori lilikuwa na waya mpya nyekundu na nyeusi zilizopangwa vizuri ajabu. Vibano vya betri havikubadilishwa kwa kuwa havikuwa vimeharibika, vilikuwa na jasho tu. Mzee Ndung'u alipanda, akabonyeza. Tik. Mzee alishuka polepole, akamwambia kwamba hata hivyo honi inalia vizuri kuliko zamani.

Ijumaa alifungua kile kisanduku kidogo kinachopima umeme kati ya dainamo na betri, kulingana na Somo la Tisa, akaangalia ndani, akakifunga. Masomo yaliyobaki hayakuhusu lori lisilowaka. Alikaa kwenye kidato cha lori akiangalia mikono yake. Kwa mara ya kwanza tangu bahasha ile ya pili alifikiri kwamba labda yeye si fundi wa umeme. Labda yeye ni msaidizi wa karakana, na karani wa shamba ndiye mtu pekee aliyekuwa akiandika ukweli.

Jioni hiyo Nicanor alikuja kula. Alikuwa mpole kama kawaida, akauliza kwa kuzunguka sana treni ni ya saa ngapi, akaeleza kwamba hana ubaya wowote, ni blanketi tu, limeanza kuchoka. Walikula ugali na kunde zilizopikwa kwa musherekha, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo Nafuna aliyachuja mwenyewe kwenye chungu chenye matundu, maana hakuamini mboga iliyopikwa bila hayo. Dismas alikula bila kuinua kichwa. Nafuna alimaliza kwanza, akainuka kupanga vyombo vyake kwenye sanduku. Akashusha sufuria, akashusha vikombe, rafu ikabaki wazi. Akabandua karatasi ya maua ili azungushie birika lisibonyee njiani, kisha akasita, akaigeuza kwenye mwanga wa koroboi.

"Baba Nelima," akasema, "nilitaka kukuuliza siku nyingi. Hawa wazungu hapa wanapikia chai juu ya kitu gani?"

Dismas aliipokea karatasi bila hamu. Ulikuwa ule mkono na lile birika. Lakini birika halikuwa likimimina kwenye kikombe, lilikuwa likimimina juu ya sanduku, na sanduku lilikuwa na vichwa viwili, na kichwa kimoja kilikuwa kimeota ndevu. Akasogea karibu na koroboi. Akasoma. Nicanor anasema alimwona rangi inamtoka usoni kuanzia juu kwenda chini.

Karatasi ilisema kwamba unga ule ni kutu ya betri. Ilisema asidi inavuja kidogo kidogo, inakula chuma, inaacha unga, na unga ukiingia kati ya kichwa cha betri na kibano chake umeme haupiti, hata betri iwe imejaa namna gani. Ilisema uondolewe kwa maji ya moto na magadi. Na ilisema fundi yeyote anayeitwa kwenye gari lisilowaka lazima atazame hapo kwanza, kabla hajagusa kitu kingine chochote. Mstari huo Dismas aliurudia mara tatu. Uliokuja baada yake haukusomeka, mkasi wa Nafuna ulikuwa umeukata kuwa ua.

Somo la Kwanza lilikuwa limening'inia mbele ya macho yake miezi saba, asubuhi na jioni, akila ugali chini yake.

Aliwaeleza. Ilimchukua muda, kwa sababu maneno kama hayo hayakuwa na njia iliyozoeleka mdomoni mwake. Nicanor aliweka tonge chini, akauliza taratibu, "Kwa hivyo omera, ndugu yangu, hata ile trekta yangu?" Dismas akaitikia kwa kichwa. Trekta ya Nicanor nayo ilikuwa na kitambaa. Wakati huo duka lilikuwa limefungwa, na magadi hawakuwa nayo, na treni ilikuwa kesho. Dismas akasema basi imekwisha.

Nafuna alikuwa anamtazama kwa namna ya mtu anayejizuia asicheke msibani.

"Suruali zako nazifua na nini?" akamwuliza. "Zile za kwanza nilizifua na sabuni, zikatoboka mpaka magoti yakaonekana. Hizi naziloweka kwa musherekha. Ule unga wako ukikutana na musherekha unachemka bila moto, halafu unakufa. Nimeona hiyo kila wiki."

"Na hukuniambia?"

"Wewe ulisema ni jasho la umeme, Baba Nelima. Mimi nani nikatae jasho la mume wangu."

Jumamosi kabla jua halijatoka walikuwa njiani kwenda karakana. Dismas alitaka kwenda peke yake, akatoa sababu kadhaa, zote zikihusu umande. Nafuna alimwambia atamwaga yote mara moja kwa papara, akajitwika chungu kichwani, akampa yeye birika la maji ya moto. Wakapita hivyo katikati ya laini, msomi wa ng'ambo akiwa nyuma ya mkewe na birika mkononi. Alijiona kama mtu anayepeleka chai kwa wagonjwa.

Walikuta Waithira na wenzake wamekwisha kujipanga nyuma ya lori, mikono wameikunja, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba siku hiyo lori lilitakiwa kuwaka lenyewe, na kama wangeambiwa wasingeamini. Mzee Ndung'u alikuwa kwenye usukani. Dismas alifungua boneti, akakata kamba, akaondoa kitambaa. Unga ulikuwa umenawiri. Nafuna aliumwagia musherekha kidogo kidogo kama anayekoleza mboga, na kweli ukaanza kuchemka, ukatoa povu, povu likateremka ubavuni mwa betri likinuka vibaya. Akaongeza. Dismas akalegeza vibano, akakwangua kwa kisu ndani na nje mpaka risasi ikang'aa, akasuuza kwa maji ya birika, akapangusa, akakaza tena kwa spana yake, akapaka grisi juu. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kumenya viazi. Meneja alikuwa amefika, amesimama kando na saa mkononi.

Mzee Ndung'u akabonyeza.

Lori liliwaka hapo hapo, kwa mguno mmoja, likasogea hatua moja mbele kwa kuwa mzee kwa mazoea alikuwa amekwisha kuweka gia. Wanawake walioliegemea nyuma wakabaki wameegemea hewa. Wawili walipiga magoti. Waithira hakuanguka, lakini alipiga hatua nne ambazo hakuzipanga.

Dismas alijua kwamba amepata. Nyumba, mke, mtoto, kila kitu kilikuwa kinanguruma pale mbele yake. Meneja akasogea, akachungulia chini ya boneti, akaona waya mpya nyekundu na nyeusi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nini ilikuwa mbaya, fundi?"

Somo la Tisa lilikuwa tayari ulimini. Kile kisanduku, bwana, kilikuwa kimelegea. Nani angejua? Dismas hata alifungua mdomo. Nafuna alikuwa amesimama karibu na gurudumu, chungu kitupu kiunoni, akiangalia chini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekubali kuusikia uongo huo na kunyamaza, mradi abaki. Alikuwa amezoea. Dismas aliliona hilo waziwazi, likamchoma kuliko asidi yoyote iliyowahi kumgusa.

"Ni ule unga, bwana," akasema. "Ulikuwa unazuia umeme. Mimi ndiye nilikataza watu wasiuguse, na mimi ndiye niliufunga kitambaa. Ameutoa huyu mama, kwa maji ya kupikia mboga."

Lori likaendelea kunguruma. Meneja alimwuliza mzee Ndung'u jambo hili lina muda gani. Mzee akasema miezi minane, kisha akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba hata magari ya Ruiru na Thika yamefundishwa vivyo hivyo.

Waithira alikuwa amekuja mbele. Alijipangusa uso kwa leso kama kila asubuhi, na safari hii akasema.

"Miezi minane, fundi. Tumesukuma uchafu miezi minane, na ukatuambia ni jasho."

Safari hii nayo Dismas hakutunga jibu. Alisema, "Ni kweli, mama. Nilikuwa sijui, nikasema najua." Waithira aliwageukia wenzake akasema maneno ya Kikuyu ambayo Dismas hakuyaelewa, wote wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Hadi leo hajaambiwa maana yake, na ameacha kuuliza.

Meneja alisubiri kicheko kiishe. Alisema lori imewaka, basi nyumba ni yake, neno ni neno. Daraja la pili, hapana. Ataendelea kuandikwa msaidizi wa karakana. Na chungu cha yule mama kitakuja karakana kila Jumatatu. Kisha akatazama saa yake akaenda zake. Nafuna hakuwa amefuata yote, akamgusa mumewe mkono akamwuliza amesema nini. Kabla Dismas hajajibu, Nicanor, aliyekuwa ametoka kwenye banda la trekta kusikiliza, alidakia kwamba mama Nelima habebi tena sanduku, na blanketi linarudi nyumbani. Nafuna aliweka chungu chini akalia pale pale mbele ya watu wote, bila kujificha, na Dismas akasimama karibu naye na birika lake.

Hukumu ya akina mama ilitekelezwa alasiri, lori liliporudi kutoka Thika. Walipanda nyuma wote kumi na wawili, mzee Ndung'u akazima injini, na Dismas akaambiwa asukume mpaka mwisho wa uwanja. Alisukuma kwa mikono, akasukuma kwa mgongo. Lori halikusogea hata kidogo. Mwishowe Nicanor alimwonea huruma akaja kusaidia, wakalisogeza kiasi cha hatua sita, Waithira akihesabu moja, mbili, tatu kutoka juu kwa sauti ya kanisani. Dismas anasema hatua hizo sita ndizo zilizomfundisha zaidi kuliko bahasha zote.

Kesho yake baada ya ibada alizunguka Ruiru na birika kuwaambia madereva ukweli. Wengi walimcheka wakamwachia asafishe. Lakini mmoja, dereva wa gari la maziwa, alimsukuma pembeni akafunga boneti yake. Alisema alikwisha kuelezwa jambo hili na madereva wanaomjua fundi mmoja aliyesoma Ulaya, kwamba betri isiyo na unga ni mvivu, na yeye hawezi kufundishwa umeme na mtu mwenye birika. Dismas alibishana naye kidogo, kisha akamsaidia kusukuma.

Wakahamia nyumba mpya Jumatano. Nicanor alibeba kitanda. Nafuna alipigilia rafu jikoni, akapanga sufuria, akaining'iniza tena ile karatasi ya maua mahali pa kuonekana. Sanduku lililofungwa wiki nzima lilikuwa tupu chini ya rafu, na Nelima alikuwa amekalia kifuniko chake akigonga spana. Dismas alikuja na masomo yake kumi na moja yamefungwa kwa uzi. Akaomba, kwa adabu, arudishiwe la kwanza ili yawe kumi na mawili.

"Hiyo ni ya rafu," Nafuna akasema bila kugeuka, akisonga ugali. "Ukitaka kuisoma, jikoni kuna nafasi."

Basi akaisoma hapo hapo amesimama, shingo ameiinamisha chini ya sufuria, kwa sauti, akimfasiria mkewe kila sentensi. Alipofika kwenye ule mstari uliokatwa na mkasi alikwama, akamwuliza kama anakumbuka palikuwa pameandikwa nini.

"Nitakumbuka wapi, nilikuwa nakata maua," Nafuna akasema. "Anza tena huko juu, hapo kwenye usafi. Hapo ulisoma haraka."

Dismas akanawa mikono, akaanza tena kutoka juu.